Msimbe, Ng'ombe na Mshahara: Historia ya Mwanamke Asiyeolewa Shinyanga na Geita

Katika Usukuma, yaani nchi iliyo kusini mwa Ziwa Victoria ambayo leo imegawanyika katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na sehemu kubwa ya Geita, mwanamke anayeishi bila mume alikuwepo muda mrefu kabla ya shule na mshahara. Wasukuma na jirani zao Wanyamwezi walimwita kwa jina ambalo Kiswahili cha mikoa hiyo kimelichukua kama msimbe, na aghalabu alikuwa mtu aliyeachika au kufiwa, akarudi kwa baba au kwa kaka yake, akapewa kibanda na kipande cha shamba, akapika pombe ya mtama na kuiuza, huku wazee wakimtazama kama mtu aliye njiani kutoka ndoa moja kwenda nyingine. R. E. S. Tanner, afisa utawala wa kikoloni aliyeandika kuhusu ndoa za Usukuma katika miaka ya 1950, hakuwa na shida kuwapata wanawake wa aina hiyo, kwa kuwa talaka zilikuwa nyingi na kuolewa tena lilikuwa jambo la kawaida. Aliyekuwa mgeni kabisa machoni pa ukoo ni mwanamke ambaye hajawahi kuolewa, mwenye kazi inayompa kipato chake mwenyewe, na ambaye haonyeshi haraka yoyote ya kuuacha upweke wake. Huyo alianza kuonekana Shinyanga katika karne ya 20, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na namna familia zilivyompokea haiwezi kueleweka bila kwanza kuzielewa hesabu za zizi.

Msingi wa hesabu hizo ulikuwa mahari. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni na ambaye mwaka 1953 alichapisha kitabu kikubwa juu ya sheria na desturi za Wasukuma, alitofautisha ndoa ya kukwa, ambayo ng'ombe wametolewa na kwa hiyo watoto wote ni wa ukoo wa baba, na ndoa ya butende, ambayo mwanamume na mwanamke wanaishi pamoja pasipo mahari, na watoto wanahesabiwa upande wa mama hadi baba yao atakapowakomboa. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba jamii ya Wasukuma ilijua njia zaidi ya moja ya kuishi kama mke na mume, na haikuwafukuza walioishi bila kukamilisha taratibu. Ilichofanya ni kuwahesabia gharama yake, na gharama hiyo ilipimwa kwa watoto na kwa mifugo.

Kupokea mahari ilikuwa kazi ya macho na mikono. Wazee wa upande wa binti walisimama penye lango la zizi, ng'ombe wakapitishwa mbele yao mmoja mmoja, na kila aliyekonda, aliyechechemea, mwenye jicho bovu au jike lililopitwa na umri wa kuzaa akarudishwa, huku upande wa bwana harusi ukimsifia mnyama yuleyule ambaye upande wa pili ulikuwa ukimkebehi. Mzozo juu ya mtamba mmoja, yaani jike changa ambalo bado halijazaa, uliweza kula mchana mzima. Hata hivyo, kabla ya ng'ombe hao kulala usiku wa kwanza katika zizi jipya, wengi wao walikuwa wamekwisha kupangiwa: huyu wa mjomba, yule wa deni la zamani, na sehemu iliyobaki ya kaka wa binti, ambaye naye alikuwa na mchumba mahali fulani na wakwe wanaosubiri. Mahari iliingia kwa mlango mmoja ikatokea kwa mwingine, na binti mmoja akiolewa, kijana mmoja au wawili walipata njia ya kuoa.

Kwa sababu hiyo, msichana aliyechelewa aliwachelewesha wengine. Shinikizo la kwanza halikutoka kwa jamii kwa jumla, bali kwa mtu mahususi aliyelala chini ya paa lilelile, yaani kaka ambaye ndoa yake ilikuwa imefungwa katika ndoa ya dada yake, na shangazi alipoitwa kuzungumza na binti alikuja kama mjumbe wa deni hilo, hata pale alipozungumza lugha ya upendo na ya busara za kike. Uamuzi wa msichana haukuwa umefutwa kabisa. Katika desturi ya chagulaga, ambayo jina lake ni amri ya kumwambia mtu achague, vijana wa kiume walimfuata msichana aliyetoka ngomani au mnadani wakamzunguka na kumtaka amtaje mmoja wao, na watetezi wa desturi hiyo hadi leo husema kwamba ilimpa mwanamke kauli. Kauli hiyo ilikuwa na mpaka ulio wazi, kwani aliruhusiwa kumchagua yeyote kati ya waliosimama mbele yake, ilhali kutomchagua hata mmoja kulihitaji miguu yenye mbio.

Wanawake wa kwanza waliokuwa na utaalamu na kipato chao wenyewe walikuwa waganga. Nfumu, yaani mganga na mpiga ramli, aliweza kuwa mwanamume au mwanamke, na mwanamke aliyeitwa na mizimu ya ukoo wake, akafundishwa, akapata wateja, alipokea mbuzi, ng'ombe na baadaye fedha kwa mikono yake, akaheshimiwa na watu ambao wasingemheshimu mwanamke mwingine wa umri wake. Waganga wengi wa kike walikuwa wake za watu, lakini yule aliyeachana na mumewe hakuhitaji kuharakishwa kwenda kwa mwingine, kwa sababu nyumba yake ilijaa wageni na zizi lake halikuwa tupu. Ni vyema kulikumbuka hilo kila inaposemwa kwamba mila ya Kisukuma haikumjua mwanamke anayejitegemea. Ilimjua, ila ilimtaka aitwe na wafu kwanza.

Misheni zilileta wito wa namna nyingine. Mwaka 1913 wamisionari wa Africa Inland Mission walianzisha kituo cha Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, na daktari Nina Maynard akaendesha huko tiba iliyokua kuwa hospitali na mahali pa kufunzia wauguzi. Msichana aliyefunzwa uuguzi alijua kusoma, alivaa sare, alilipwa mwisho wa mwezi, na alilala katika bweni la misheni, mbali na macho ya kaka zake, jambo ambalo wazazi waliliona kama faida na hatari kwa wakati mmoja. Upande wa Wakatoliki ulikwenda mbali zaidi kwa kuwafungulia wasichana utawa, yaani maisha ya usista ambayo kwa nadhiri hayana ndoa. Kwa jirani wa Bukoba, ng'ambo ya ziwa, mtafiti Birgitta Larsson ameonyesha jinsi misheni zilivyogeuka kimbilio la wanawake waliotafuta uhuru mkubwa kuliko ule walioupata nyumbani, na jinsi jambo hilo lilivyogombanisha nyumba na kanisa. Baba aliyempoteza binti kwa utawa alipoteza ng'ombe pia, na Mungu, tofauti na wakwe wengine, hakuleta hata mmoja.

Migodi ya kikoloni, kwa upande wake, ilikuwa mahali pa wanaume. Dhahabu ya Geita, ambayo mtafutaji madini wa Kijerumani aliigundua mwaka 1898, ilianza kuchimbwa kwa kiwango kikubwa katika mgodi uliofanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966, na mkataba namba 45 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1935 ulikuwa tayari umeweka katika sheria za kimataifa marufuku ya mwanamke kufanya kazi chini ya ardhi. Kule Mwadui, kaskazini-mashariki mwa mji wa Shinyanga, mwanajiolojia wa Kanada John Williamson alipata almasi mwaka 1940 na kujenga mji mzima wenye hospitali, shule na uzio wake. Mwaka 1947 alimpa Malkia Elizabeth wa baadaye, ambaye wakati huo alikuwa binti mfalme, almasi ya rangi ya waridi kwa ajili ya harusi yake. Williamson mwenyewe hakuoa hadi alipofariki mwaka 1958, na ukapera wake ulitajwa magazetini pamoja na utajiri wake kama sehemu ya haiba yake. Mwanamke wa Kishapu mwenye umri wa miaka 40 ambaye hajaolewa, aliyeishi kilomita chache kutoka kwenye uzio huo, hakuwa na gazeti la kumsifia.

Uhuru ulileta mwanamke wa serikali: mwalimu, muuguzi, karani, bibi maendeleo, yaani afisa wa maendeleo ya jamii aliyetumwa vijijini kufundisha lishe na usafi. Wengi wa wanawake hawa hawakuwa Wasukuma, kwa kuwa walitoka Kilimanjaro, Kagera, Mbeya au Ruvuma na kupangiwa vituo Shinyanga kwa barua ya wizara, na hivyo kijiji kilichowapokea hakikuwa na ukoo wao wa kukiambia ni nani awahoji. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1962, ulisemea haki zao, na katikati ya miaka ya 1970 likizo ya uzazi yenye malipo ilipanuliwa ikawafikia pia wafanyakazi wasioolewa, hatua ambayo kwa nchi ya wakati ule ilikuwa ya kijasiri, kwani serikali ilikubali kwa maandishi kwamba mtumishi wake wa kike anaweza kuwa na mtoto bila kuwa na mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka, katika kifungu cha 41, kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa, na katika kifungu cha 56 ikampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kumiliki mali na kufanya mikataba. Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18.

Serikali iliyompa msimbe likizo ya uzazi haikuwa na msimamo mmoja juu yake. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, iliyolenga kuwaondoa mijini watu walioonekana kutokuwa na kazi halali, iliwafanya wanawake waliokutwa wakijitafutia riziki mitaani waulizwe kitambulisho cha kazi au cheti cha ndoa, kana kwamba kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Mwalimu mwenye barua ya ajira alipita salama, ilhali muuza vitumbua asiye na mume alihesabiwa kuwa mzururaji.

Ukubwa wa shinikizo la Shinyanga hupimika vizuri zaidi kwa kuangalia umri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 59 ya wanawake wa mkoa huo waliokuwa na umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufikisha miaka 18, kiwango kilichoongoza nchi nzima. Mahali ambapo zaidi ya nusu ya rika limeolewa kabla ya umri wa kupiga kura, mwanamke wa miaka 28 mwenye shahada na asiye na mume huonekana kuchelewa kwa miaka kumi na zaidi, hata kama yeye anajiona ndiyo kwanza ameanza. Ili afike hapo, alilazimika kuvuka vizuizi ambavyo wenzake wa mikoa mingine hawakuvijua, na kimoja kimesimuliwa na walimu wa Shinyanga kwa miaka mingi: wazazi waliomwagiza binti aandike majibu ya uongo katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, ili asichaguliwe kwenda sekondari na ng'ombe wasicheleweshwe kwa miaka minne mingine. Mwaka 2016 marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, na mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliuthibitisha Oktoba 2019.

Wakati shule ikimtengeneza mwanamke wa mshahara, machimbo yalimtengeneza mwingine, na huyu ndiye ambaye vitabu vya historia vimemwandika kidogo kuliko anavyostahili. Baada ya mgodi wa Geita kufungwa mwaka 1966, uchimbaji haukufa, na katika miaka ya 1980 na 1990, bei za mazao zilipoporomoka na biashara ya madini ikalegezwa, makumi ya maelfu ya watu walihamia kwenye rashi, yaani mkusanyiko wa ghafla mahali dhahabu inaposikika, huko Nyarugusu, Mgusu, Bulyanhulu na kwingineko. Wanawake walifuata, na wengi wao walikuwa wasimbe kwa maana ya zamani: wameachika, wamefiwa, au wamekimbia ndoa walizoingizwa wakiwa watoto. Miiko iliwazuia kushuka katika duara, yaani shimo la kuchimbia, kwa imani kwamba mwanamke, hasa aliye katika siku zake, huifukuza dhahabu. Kwa hiyo kazi yao ilianza pale jiwe lilipofika juu.

Kazi yenyewe ina hatua zake, na kila hatua ina mikono ya mwanamke. Mawe yaliyotolewa kwa viroba huvunjwa kwa nyundo hadi yawe kokoto, kisha hupelekwa kwenye karasha, mashine inayoyasaga yawe unga. Unga huo hupelekwa kwenye mwalo, mahali pa kuchenjulia, ambapo humwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa kitambaa kizito au gunia, ili vumbi jepesi lisombwe na chembe nzito zinase. Mabaki yaliyonaswa hukung'utwa katika beseni, yakachanganywa na zebaki kwa viganja vitupu, yakakamuliwa katika kitambaa hadi kibaki kidonge cheupe, na kidonge hicho kikachomwa moto mpaka zebaki iwe moshi na dhahabu ibaki. Aliyevunja mawe alilipwa kwa kiroba au kwa sehemu ya mawe. Wengine waliokota mabaki, na karibu na mgodi mkubwa wa Geita yalipata jina lake mahususi, magwangala, yaani mawe taka ya mgodi ambayo wanakijiji huyapasua upya kutafuta kilichosahaulika ndani yake. Lakini mwanamke aliyepata fedha ya uhakika zaidi machimboni alikuwa yule aliyeuza chakula na maji, kwa kuwa mchimbaji alikula kila siku hata pale duara lilipokaa miezi bila kutema, na mama lishe aliyemlisha kwa mkopo alikuwa, kwa namna fulani, mwekezaji katika shimo ambalo mwiko ulimkataza kulichungulia.

Mwaka 2013 watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Hannelore Verbrugge walichapisha makala juu ya mahusiano ya wanawake na wanaume katika makazi ya machimbo ya Tanzania, Mgusu ikiwa mojawapo, wakapinga mazoea ya kumwita kila mwanamke asiyeolewa wa machimboni kahaba. Walichokiona ni ngazi ndefu ya mahusiano, kuanzia biashara ya ngono hadi ushirikiano wa nyumba moja bila mahari wala kikao cha wazee, ambapo mwanamke alipima tabia ya mwanamume, akakaa naye msimu mmoja au miaka, na kuondoka na akiba yake. Anayekumbuka maelezo ya Cory juu ya butende hatashangaa sana. Machimbo yaliirudisha ndoa isiyo na ng'ombe, safari hii mbali na zizi lolote ambalo lingeweza kudai, na kijijini alikotoka mwanamke huyo fedha zake zilipokelewa kwa mikono miwili pasipo swali, huku jina lake likisemwa kwa sauti ya chini.

Baadhi yao walipanda. Chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kilianzishwa mwaka 1997 ili kuwasaidia wanawake kupata leseni, mikopo na mafunzo, na Sheria ya Madini ya mwaka 1998 ikaweka leseni ya uchimbaji mdogo ambayo mwanamke angeweza kuiomba kwa jina lake, bila baba wala mume kutia sahihi. Mwenye leseni aliwaajiri wanaume, na mwiko wa duara ulinyamaza mbele ya anayelipa. Soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita Machi 2019, muuzaji wa kike aliweza kupima mzigo wake kwenye mizani ya serikali badala ya kumtegemea dalali wa porini. Historia hiyo ina upande wake wa hasara: huko Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996 ili kupisha kampuni, na pamoja na maduara yalikwenda madeni yote ambayo mama lishe walikuwa wakiyadai.

Migodi mikubwa iliyofuata, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi iliyofanya kazi kuanzia 2009 hadi 2021, ilileta sura ya tatu, yaani mwanamke mwenye taaluma: mjiolojia, mhasibu, mpima sampuli wa maabara, dereva wa lori la mgodi ambalo gurudumu lake linamzidi urefu. Anafanya kazi kwa zamu, analala kambini au katika nyumba ya kupanga Geita mjini au Kahama, na mshahara wake unasomesha wadogo zake, unaezeka bati nyumba ya wazazi na kulipa bima ya baba. Kwa hesabu ya zamani ya zizi, amekwisha kuleta ng'ombe wengi kuliko mkwe yeyote. Hata hivyo kila anaporudi nyumbani kwa mapumziko anaulizwa ubwabwa wake utaliwa lini, anakumbushwa kwamba mdogo wake ana watoto wawili, na mchungaji au shangazi anatumwa kwake kwa maneno yenye adabu. Anachangishwa kwa kila kamati ya harusi ya ukoo, na mchango wake hutajwa kwa sauti ukumbini kabla ya swali lilelile kuulizwa tena mezani. Kuna pia ukinzani ambao familia hazipendi kuukiri: elimu ya binti imekuwa sababu ya kupandisha mahari, wazazi wakitaka kurudishiwa ada, na kijana wa rika lake anayesikia idadi ya ng'ombe au mamilioni yanayodaiwa huaga kwa heshima na asirudi. Nyumba iliyompandisha bei ndiyo inayomlaumu kwa kukosa mnunuzi.

Itakuwa dhuluma, hata hivyo, kuandika kana kwamba wazazi hawa wanasukumwa na tamaa peke yake. Mama wa Kisukuma anayemsihi binti yake atulie ameona uzee wa mwanamke asiye na watu. Takwimu za serikali zilizochambuliwa na mtafiti Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na Usukuma ukiongoza. Waliolengwa mara nyingi walikuwa wanawake wazee, wajane au wanaoishi peke yao, ambao macho yao yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kuni ya nchi isiyo na miti, yalichukuliwa kuwa ushahidi. Nyuma ya tuhuma nyingi palikuwa na ugomvi wa shamba au wa mifugo. Kwa mama aliyeishi miaka hiyo, binti asiye na mume wala mtoto wa kiume ni mtu asiye na wa kusimama mlangoni usiku, na mshahara wa mgodi haumwondolei hofu hiyo, kwa sababu mshahara hukoma.

Hofu hiyo inapata nguvu kutoka katika sheria. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililokusanya desturi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, kazi ambayo Cory alikuwa miongoni mwa walioianza kabla ya kifo chake, liliwapanga warithi kwa daraja: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza katika daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume katika la pili, na mabinti wote katika la tatu. Mwanamke angeweza kuitumia ardhi ya ukoo katika maisha yake lakini asiiuze, na mjane mwenye watoto hakupewa fungu lake mwenyewe, kwa hoja kwamba watoto watamtunza. Kuanzia mwaka 1990 ukuta huo ulianza kupata nyufa, pale Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka Kagera, alipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi. Ardhi ya kununua, ambayo mwanamke wa mshahara anaweza kuiandikisha kwa jina lake, ilitoka katika mikono ya ukoo. Ile ya kurithi ilibaki humo.

Hoja kuu ya familia, kwamba ndoa ndiyo usalama wa mwanamke, ilipimwa mahakamani kwa wanawake wawili wa Shinyanga. Walikuwa mafundi cherehani, wote wawili wameolewa na kufiwa, na baada ya vifo vya waume zao, upande wa marehemu ulichukua mali chini ya Tamko la 1963 na kuwaondoa katika nyumba walizoishi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hiyo inabagua, lakini ikakataa kuifuta, ikihofia kwamba desturi za makabila yote 120 na zaidi zingefuata njia hiyohiyo ya mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya kiutaratibu katika hati. Wanawake hao walikuwa wamefanya kila ambacho mabinti wasioolewa wa Geita na Kahama wanasihiwa kukifanya, na ndoa haikuwapa nyumba. Machi 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao, ikaitaka iwalipe fidia na ihakikishe kwamba sheria za mila zinazowanyima wanawake urithi zinafutwa au kurekebishwa.